Misafara ya baiskeli ya hisani: Jinsi jasho la barabarani linavyogeuka madawati na dawa

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

ANAYEINGIA jijini Mwanza kwa barabara kuu ya Shinyanga huanza kuuhisi mji akifika Buhongwa. Hapo ndipo daladala nyingi zinapogeuzia, bodaboda zinajipanga kando ya lami, na akina mama wanauza nyanya na dagaa hatua chache kutoka magurudumu ya malori.

Kwa abiria wa basi, Buhongwa ni dalili kwamba safari imekwisha na kilichobaki ni kufungasha mizigo. Kwa mwendesha baiskeli aliyetoka Shinyanga alfajiri, mambo ni tofauti. Ana takriban kilomita 150 miguuni, mikono imekufa ganzi, macho yamejaa vumbi, na sasa anatakiwa kuwa makini kuliko wakati mwingine wowote wa siku hiyo.

Katika miaka ya karibuni Watanzania wa mijini wamezoea kusikia habari za watu wanaoendesha baiskeli kwa siku nyingi mfululizo ili kuchangisha fedha za hisani. Wengine huwashangilia, wengine huwaona kuwa ni watu wasio na kazi. Swali linaloulizwa mara kwa mara vijiweni ni hili: ikiwa mtu anataka kusaidia shule au wagonjwa, kwa nini asitoe fedha hizo moja kwa moja, mpaka ateseke juani?

Swali hilo ni la msingi, na makala haya yanajaribu kulijibu kwa kueleza jinsi misafara hiyo inavyofanya kazi, inavyomgharimu mshiriki, na mahali ambapo fedha huweza kupotelea.

Kutoka Kilimanjaro hadi Butiama

Hapa nchini, mradi wa namna hii wenye umri mrefu na unaofahamika zaidi ni Kili Challenge, ulioanza 2002. Unaendeshwa na Mgodi wa Dhahabu wa Geita (GGM) kwa kushirikiana na Tume ya Kudhibiti Ukimwi Tanzania (TACAIDS). Washiriki wake wako wa aina mbili: wapo wanaopanda Mlima Kilimanjaro kwa miguu, na wapo wanaouzunguka kwa baiskeli kwa siku kadhaa. Fedha zinazopatikana huelekezwa katika mapambano dhidi ya Ukimwi, na miongoni mwa walionufaika ni watoto wa kituo cha Moyo wa Huruma cha Geita.

Mwaka 2019 ukaanza msafara mwingine, wa Twende Butiama, ambao waendesha baiskeli wake hutoka Dar es Salaam hadi Butiama mkoani Mara, safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Hulenga kufika huko Oktoba 14, siku ya kumbukumbu ya Mwalimu Julius Nyerere, aliyefariki dunia London tarehe kama hiyo mwaka 1999 na kuzikwa kijijini kwake. Njiani washiriki hupanda miti, husaidia shule na kushiriki katika huduma za afya, wakijinasibisha na vita dhidi ya wale maadui watatu aliowataja Mwalimu: ujinga, maradhi na umaskini.

Kuna pia safari ya Tour d'Afrique, kutoka Cairo hadi Cape Town, iliyofanyika kwa mara ya kwanza 2003. Hiyo huvuka Tanzania, na wengi wa washiriki wake ni wageni wanaolipia safari yao wenyewe.

Msomaji atambue kwamba hakuna mshindi katika misafara ya hisani. Mtu wa Mwanza au Shinyanga akisikia baiskeli hukumbuka mashindano, kwa kuwa Usukumani mchezo huo una mashabiki wa miaka mingi, na vijana wa huku wametamba katika mbio za taifa. Katika mashindano, anayebaki nyuma amebaki. Katika msafara wa hisani, kasi ya kundi zima huamuliwa na yule dhaifu kuliko wote, na kiongozi mzuri ni yule anayejua kuwazuia wenye nguvu wasikimbie.

Siku moja barabarani

Tuchukue siku ya Shinyanga kuja Mwanza, yenye takriban kilomita 160. Mwendo wa kundi lililojiandaa vizuri ni kilomita 20 kwa saa kwenye tambarare. Hiyo ni sawa na saa nane za kukanyaga pedali, bila kuhesabu mapumziko, pancha na picha za kupiga na wanafunzi waliojipanga barabarani. Msafara ukiondoka saa 12:00 asubuhi, kuufikia mji wa Mwanza saa 10:00 alasiri ni bahati nzuri.

Kabla ya siku hiyo, anayetoka Dar es Salaam huwa ameshapita Chalinze, Morogoro, Gairo, Dodoma, Manyoni na Singida, na huwa amepanda kutoka usawa wa bahari hadi nyanda zenye kimo cha zaidi ya mita 1,000. Kati ya Singida na Igunga kuna mteremko wa Sekenke, unaoshuka hadi mbuga ya Wembere. Kwenye mteremko kama huo ndipo breki mbovu hujulikana. Fundi mwenye busara hukagua baiskeli zote juu, kabla ya kuanza kushuka, na hakubali kuambiwa kwamba zilikaguliwa jana.

Jambo moja huwafariji wanaokuja upande huu. Upepo wa nyanda za kati kwa sehemu kubwa ya mwaka huvuma kutoka mashariki na kusini-mashariki, kwa hiyo anayetoka pwani kuja ziwani husukumwa mgongoni. Anayefanya safari hiyo kinyume, kutoka Mwanza kwenda Dodoma, atakutana nao usoni, na mtu aliyewahi kupambana na upepo wa Singida kwa saa sita atakwambia kuwa ni afadhali mlima. Mlima una kilele.

Adui mkubwa, hata hivyo, ni malori. Barabara ya kutoka Dar es Salaam hadi Nzega na Tinde ndiyo hiyo hiyo inayobeba mizigo ya Rwanda, Burundi na Kongo. Lori refu likimpita mwendesha baiskeli karibu karibu, hewa humsukuma kwanza nje, kisha humvuta ndani kuelekea magurudumu ya nyuma. Asiyefahamu hilo hushtuka na kuyumba. Baada ya Tinde malori mengi hukata kuelekea Isaka na Kahama, na barabara ya kuja Shinyanga hupata nafuu.

Nafuu hiyo ndiyo inayoifanya Buhongwa iwe hatari. Watu wamezoea lami tulivu ya Misungwi, wameshaona mawe makubwa ya Mwanza kwa mbali, wameanza kuchekeana na kupeana pongezi. Ghafla daladala inasimama mbele yao bila ishara, bajaji inakata kona, mtoto anavuka. Mwandishi wa makala haya aliwahi kuendesha baiskeli kutoka Misungwi hadi Buhongwa, umbali mdogo tu, na kilichomwangusha hakikuwa lori wala shimo, bali ni kugeuka kumpungia mkono jamaa aliyemwita kwa jina. Goti lilipona baada ya wiki mbili.

Kwa sababu hiyo viongozi wazoefu husimamisha kundi kabla ya kuingia mjini, pengine pale Usagara, ambako barabara ya Geita na Sengerema huchepuka. Watu wanakunywa maji, wanajipanga kwa mstari mmoja, gari la polisi linatangulia na gari la huduma linafunga mkia. Wasiokuwa na shughuli jijini wanaweza kulikwepa kabisa kwa kutumia barabara ya mchepuo ya Usagara hadi Kisesa na kutokea moja kwa moja barabara ya Musoma.

Mwili unadai nini

Wapo wanaodhani kwamba aliyezoea kukimbia au kucheza mpira ataweza tu kuendesha baiskeli siku 10. Siku ya kwanza ataweza. Siku ya pili atakaa kwenye tandiko kwa uangalifu. Siku ya tatu ndipo atakapojua.

Ugumu wa safari hizi ni kurudia zaidi kuliko umbali. Mtu mwenye afya anaweza kujikaza kilomita 100 siku moja, kisha akapumzika wiki nzima. Kufanya hivyo siku kumi mfululizo kunahitaji mwili uliozoeshwa kuamka umechoka na kuendelea. Mazoezi ya miezi miwili au mitatu kabla ya safari ni ya lazima, na ndani yake ziwemo siku mbili zinazofuatana za mwendo mrefu, Jumamosi na Jumapili kwa mfano. Anayeishi Mwanza ana bahati: barabara ya Magu ina tambarare ndefu, na vilima vya jiji lenyewe vinatosha kumfundisha mtu kubadili gia.

Maji ni suala la hesabu. Katika jua la Oktoba mwili unaweza kuhitaji nusu lita hadi lita moja kwa kila saa, maana yake ni lita nne hadi nane kwa siku ya saa nane. Maji matupu peke yake hayatoshi, kwa sababu jasho hutoka na chumvi. Wengi hubeba pakiti za chumvi na sukari zile zile wanazopewa watoto wenye kuharisha, zinazouzwa kwa bei ndogo katika duka la dawa. Ndizi, viazi vitamu na karanga hufanya kazi nzuri kama chakula cha njiani, na havihitaji kuagizwa kutoka nje.

Malengelenge na michubuko ya mapajani haizungumzwi sana hadharani, lakini huwarudisha watu wengi nyumbani kuliko pancha. Suruali iliyobana yenye pedi, kuoga kila jioni na mafuta ya kulainisha ngozi ndiyo kinga. Aidha, kofia ngumu si pambo. Mwendesha baiskeli akianguka, kichwa ndicho kisicho na kiraka.

Kwa wanaofika ziwani kuna onyo la pekee. Baada ya siku nyingi za vumbi, hamu ya kujitupa katika Ziwa Victoria huwa kubwa mno. Mwambao wa ziwa una kichocho, na vijidudu vyake hupenya ngozi ndani ya dakika chache kwa mtu aliyesimama katika maji ya kingoni, hasa penye majani na konokono. Ugonjwa huo una dawa, lakini dalili zake huweza kuchelewa kwa wiki au miezi, wakati mgeni ameshasahau kwamba aliwahi kuoga Mwanza.

Fedha inatoka wapi, inakwenda wapi

Turudi katika swali la vijiweni. Mshiriki wa msafara wa hisani huwaendea ndugu, marafiki na wafanyakazi wenzake na kuwaomba ahadi. Wengine huahidi kiasi fulani kwa kila kilomita, wengine hutoa fedha kwa jumla. Si jambo geni kwetu. Ni harambee ile ile ya harusi na misiba, isipokuwa hapa muombaji anaweka mwili wake rehani. Mtu ambaye angepitisha kadi ya mchango bila kuisoma hujiuliza mara mbili anapoambiwa kwamba mhasibu wa ofisini kwao, mwenye kitambi, amekusudia kwenda Butiama kwa baiskeli. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, kukusanya ahadi hizo kumekuwa rahisi hata kwa mchangiaji aliye mkoa mwingine.

Kinachofuata ndicho kigumu. Msafara una gharama zake: malazi, chakula, maji, mafuta ya magari ya huduma, mafundi, vipuri, muuguzi na gari la wagonjwa. Tuchukue mfano wa kubuni. Watu 40 wanaendesha siku 14, na kila mmoja anagharimu Sh60,000 kwa siku. Jumla ni Sh33.6 milioni. Ikiwa kila mmoja amechangisha Sh1 milioni, zimepatikana Sh40 milioni. Gharama zikitolewa humo humo, kinachobaki kwa ajili ya shule au zahanati ni Sh6.4 milioni, yaani senti 16 katika kila shilingi iliyotolewa. Mchangiaji aliyedhani amenunua dawati amenunua chakula cha jioni cha mtu mwingine pale Manyoni.

Lakini mfano huo huo hubadilika kabisa endapo washiriki watajilipia gharama zao, au kampuni ikazibeba. Hapo Sh40 milioni zote hufika. Tofauti kati ya msafara wenye maana na matembezi ya watu wenye nafasi imo katika mstari huo mmoja wa hesabu, na kwa maoni ya mwandishi huyu, mchangiaji ana haki ya kuuliza kabla hajatoa hata shilingi.

Nje ya nchi suala hili limeshawahi kuvunja urafiki. Huko California, Marekani, misafara ya baiskeli ya kuchangia huduma za Ukimwi ilianza 1994, watu wakisafiri kutoka San Francisco hadi Los Angeles kwa siku saba. Fedha nyingi zilipatikana, lakini kampuni iliyokuwa ikiiandaa ililaumiwa kwa ukubwa wa gharama. Taasisi mbili zilizokuwa zikinufaika zikajitoa na kuanzisha msafara wao wenyewe, AIDS/LifeCycle, mwaka 2002. Mwaka huo huo kampuni ile ilifungwa. Msafara mpya nao ulidumu hadi Juni 2025, ukasitishwa kwa kuwa washiriki walipungua na gharama ziliongezeka.

Upande wa pili ni Pan-Mass Challenge ya jimbo la Massachusetts, iliyoanza 1980 kwa ajili ya kituo cha saratani cha Dana-Farber. Waandaaji wake hulipia gharama kwa ada za washiriki na fedha za wafadhili, ili kila dola inayochangishwa na mwendesha baiskeli iende kituoni. Hadi sasa umeshapeleka huko zaidi ya dola bilioni moja za Marekani. Hakuna muujiza hapo zaidi ya kutenganisha mifuko miwili tangu siku ya kwanza.

Anayetaka kuandaa msafara hapa nchini anapaswa kuanza na mlango sahihi. Polisi wa usalama barabarani katika kila mkoa wapewe taarifa mapema, maafisa michezo wa halmashauri wahusishwe, na Chama cha Baiskeli Tanzania (CHABATA) ni mahali pazuri pa kupata waongozaji wanaoijua barabara. Ikiwa fedha zitapitia shirika lisilo la kiserikali, liwe limesajiliwa chini ya Sheria ya 2002 na liwe na hesabu zinazoweza kuonwa. Taarifa ya mapato na matumizi ikitolewa mwezi mmoja baada ya safari, ombi la mwaka unaofuata huwa jepesi.

Vilevile msaada wenyewe uchaguliwe kwa akili. Dawati likifikishwa shuleni hukaliwa kesho yake. Mti ni habari nyingine. Oktoba ni mwanzo wa mvua za vuli Kanda ya Ziwa, kwa hiyo si wakati mbaya wa kupanda, lakini mche uliopandwa mbele ya kamera na kuachwa bila uzio huliwa na mbuzi kabla msafara haujafika Bunda. Shule iliyokabidhiwa miche 50 na mtu mmoja wa kuitunza imepewa kitu kikubwa kuliko iliyopandiwa miche 500 ndani ya saa moja.

Wanaopita bila king'ora

Ukikaa Buhongwa asubuhi na mapema utaona baiskeli nyingi zinazoingia jijini, na hakuna gari la polisi linalozitangulia. Ni Phoenix na Avon za chuma zilizofungwa magunia ya mkaa marefu kuliko mwendeshaji, au madumu ya maziwa, au matenga ya kuku. Waendeshaji wake wametoka vijiji vya Misungwi usiku ungali mzito. Wengi hawana taa wala kofia, na baiskeli nyingine breki yake ni kandambili inayokandamizwa kwenye tairi.

Watu hao wanaijua barabara hii kuliko mshiriki yeyote wa msafara. Wanajua mahali lami ilipomomoka, mahali fundi wa pancha anapofungua saa 11 alfajiri, na daladala zipi hazisimami kwa adabu. Baadhi ya misafara ingefanya vema kuwaajiri kuwa waongozaji kwa sehemu ya mwisho, Usagara hadi jijini, na kuwaachia taa za nyuma na vizibao vinavyoakisi mwanga. Vitu hivyo ni vya bei ndogo ukilinganisha na fulana zinazochapishwa kwa ajili ya picha ya siku moja.

Msafara unaokwenda Butiama ukishalala Mwanza, huwa umebakiza mwendo wa siku mbili kwa walio wengi. Barabara inapita Igoma, Kisesa na Magu, inavuka Mto Simiyu, kisha inafika Lamadi na kupakana na Hifadhi ya Serengeti karibu na lango la Ndabaka. Hapo nyumbu na nyani hawahesabu vibali vya polisi, na kundi hutakiwa lipite pamoja, mchana, bila mtu kubaki nyuma kurekebisha mnyororo peke yake. Baada ya Bunda kuna vilima vya mwisho, na karibu na Kyabakari wanaiacha barabara kuu ya Musoma kuelekea Butiama.